Dakika Arubaini na Mbili

Karatasi imebandikwa juu ya mizani ya mizigo:
Khasab hadi Suhar, kilomita mia mbili na mbili,
dakika arubaini na mbili.
Nimeisema hesabu hiyo miaka kumi na moja
kwa walimu wanaorudi kwao likizo,
kwa askari wenye mabakuli ya halua,
kwa bibi wa Kishihi aliyeshuka majabalini
akataka mbuzi wake apimwe, apewe kiti,
cha dirishani.
Dakika arubaini na mbili, mama.
Hata kahawa haipoi.

Alfajiri ile simu ikalia. Zuwena, mwanangu,
uchungu umemshika.
Nikajikatia tiketi kwa mkono wangu,
nikaupima mkoba kama wa abiria yeyote:
kilo sita na robo.
Mdalasini, nepi, na kanga ya marehemu mama
iliyotoka Wete kabla sijazaliwa.

Ndege ya saa mbili na nusu.
Saa mbili na robo Ubaid akashuka mnarani,
akatazama kila kitu isipokuwa mimi.
Upepo umegeuka, Bi Ghaniya.
Unaporomoka majabalini, unaipiga njia ubavuni.
Leo hairuki.

Basi gari ya Ubaid, na Ubaid mwenyewe usukanini.
Sisi tulio nchani mwa nchi,
barabara yetu ya kwenda nchini hupita kwa jirani.
Bukha. Tibat. Muhuri wa kutoka.
Hatua chache, muhuri wa kuingia.
Kijana wa mpakani akauliza, unakwenda wapi?
Omani.
Unatoka wapi?
Omani.
Akacheka. Siku nyingine ningecheka naye.

Rasi al-Khaima, malori ya kokoto, foleni.
Majabali tena, rangi ya jivu la mkaa.
Fujaira tulitia petroli, Ubaid akanunua chai ya maziwa,
nikaishika kikombeni mpaka ikafanya utando.
Nikachungulia juu: buluu tupu, haina kosa lolote.
Huko ndiko mstari wangu ulikonyooka
kama uzi wa mwashi.
Huku chini mtu kauviringa uzi uleule
akautia mfukoni.

Khatmat Malaha: wa tatu, wa nne.
Mihuri minne, kutoka kwetu kwenda kwetu.

Saa nane adhuhuri. Ghorofa ya pili.
Mkwe wangu Muhsin kasimama mlangoni, kiatu kimoja.
Keshakuja, mama. Msichana.
Saa ngapi?
Saa tatu na nusu.

Mazoea ni ugonjwa; nikapiga hesabu palepale.
Ningetua saa tatu na dakika kumi na mbili,
teksi robo saa,
zingebaki dakika tatu za kumshika Zuwena mkono.

Muuguzi alikwisha mpima. Kilo tatu,
hata nusu ya mkoba wangu hajafika.
Nikamfunga kanga ya Wete, nikampima upya,
kwenye kiwiko,
nisiandike popote.

Jumapili nimerudi kazini. Karatasi ipo pale pale,
pembe moja imebanduka.
Mwalimu mmoja kauliza, Suhar ni muda gani?
Dakika arubaini na mbili, nikamwambia.
Au mtoto wa saa nne na nusu.
Akanitazama.
Weka sanduku hapa, mwalimu, nikasema. Lisimame wima.