Mapumziko, Gombani

Alinipa elfu tano nimwazime kipaza sauti.
"Dakika tatu tu, Bwana Tumu."
Nikadhani kamati imemtuma awashukuru wafadhili.
Wawi moja, Konde moja,
wauza ubuyu wamo ngazini,
na mimi, mtu wa spika mwaka wa kumi na tisa huu,
nikampa Shaame waya mrefu,
akauburura mpaka mbele ya jukwaa la wanawake.

Namba kumi na moja mgongoni. Soksi zimeshuka.
Akapiga goti moja.
Kwetu goti moja ni la mwenye kufunga kamba za kiatu,
ndiyo maana mwanzo hakushituka mtu.
Kisha akatoa kijisanduku,
na jina likatoka spika zote nne,
moja ina ufa, kwa hiyo lilisikika mara mbili,
ya pili kama mtu anayekohoa:
"Raya binti Masoud, utakubali nikuoe?"

Mimi nilikataliwa Kojani, mwaka karafuu zilipokosa bei.
Barua alikwenda nayo ami yangu, ndani ya bahasha ya kaki,
akarudi na bahasha ile ile
na neno moja la adabu: binti bado anasoma.
Alikuwa hasomi.
Lakini aibu yangu ilienea bahashani.
Tuliijua watu wanne, na wawili wamekwisha kufa.
Ya Shaame ilitaka uwanja mzima.

"Kubali! Kubali!" upande wa Wawi.
Upande wa Konde wakapiga makofi ya mdundo, kwa ubaya tu,
maana kipa wao ni kaka yake Raya,
kasimama golini peke yake, glavu mkononi,
hajui hili ni shuti la kudaka
au la kuliacha lipite.

Raya akanyamaza.
Akaukunja mfuko wa karanga, akaukunja tena,
mpaka ukawa mdogo kama ukucha.
Hapo mzee mmoja wa safu ya juu,
mwenye sauti ya kunadia samaki, akapasua:
"Kanyamaza! Mwari akinyamaza karidhia!"

Vigelegele. Simu juu.
Nikauona uso wake.
Walikuwa wamemnyang'anya hata kimya chake,
kila mtu kajikatia kipande.

Akashuka ngazi, kumi na mbili, nilizihesabu.
Shaame akamnyooshea kipaza,
nami nikazima mashine.

"Umeme!" watu wakacheka, wengine wakasonya.
Nani Pemba wa kushangaa umeme kukatika?
Alichosema Raya kikaanguka baina ya watu watatu,
mmoja ni mimi, niliyeinama nakunja waya usiohitaji kukunjwa.

Hakusema hapana. Msimzidishie.
Aliuliza, taratibu,
kama anayemwambia mtoto kavaa ndara kinyume:
"Umeniuliza mimi, au umewauliza hawa?"

Shaame alifungua mdomo.
Gotini zimemganda punje nyeusi za ule mpira wa kapeti,
akaanza kuzipangusa, moja, moja,
hata refa akapiga filimbi.

Kipindi cha pili aligusa mpira mara mbili,
mara zote ukatoka nje.
Kaka mtu alidaka kila kitu.

Huko Chake wanabishana mpaka leo.
Kuna wanaoapa walisikia ndio, kuna waliosikia tusi,
kuna wenye video, nayo haina sauti.

Wiki ya pili nikampitia dukani, nimrejeshee elfu tano.
Hakuipokea. Ilibaki juu ya mizani,
haikupandisha hata mshale.
Nikamhadithia ya Kojani, sijui kwa nini,
sijawahi kumhadithia mtu.
Akapima sukari ya mteja, akafunga,
kisha bila kuniangalia:
"Bahasha za kaki, Bwana Tumu, zinauzwa wapi siku hizi?"

Nikamwelekeza. Duka la vitabu, karibu na skuli.
Nimefika nusu ya njia ndipo likanijia
swali la Raya, limegeuka, linaniangalia mimi.
Barua yangu ilisomwa na babake, na ami zake wawili.
Yule binti wa Kojani,
sijui hata kama alisomewa.