Msomaji Yu Njiani

Saa nane usiku, Chumbageni.
Mashine imekufa mara ya tatu.
Haikufa kwa kishindo. Imesimama tu,
kama mtu aliyeingia chumbani
akasahau alichofuata.
Hoza anapiga simu kutoka Pongwe:
"Mwanjaa, umeona?"
Nimeona. Anwani ilikuwa sahihi.
Nyumba ndiyo haikuwepo.

Anwani, ndani ya kiini cha mfumo, si mahali.
Ni maelekezo, kama ya kumpa mgeni wa Ngamiani:
shika barabara ya kumi na tatu,
uchochoro wa pili, mlango wa bluu,
chumba cha uani.
Prosesa hutembea hivyo hivyo.
Jedwali la kwanza humtuma la pili,
la pili humtuma la tatu, la tatu la nne,
na la nne ndilo linaloujua ukurasa.
Kila hatua ni kuamini
kwamba wakati unakata kona
hakuna aliyebomoa.

Haya niliyajua kabla sijagusa kompyuta.
Mama alikuwa karani wa masijala ya viwanja,
kuta nene, harufu ya gundi na mchwa.
Likizo nilishinda chini ya meza yake
nikihesabu miguu ya watu:
rejista ya mtaa, daftari la kitalu,
kabati, jalada.
Ukutani, kwenye misumari, vibao kumi vya mbao.
Anayesoma huchukua kibao.
Wasomaji kumi, vibao kumi, hapana ugomvi.
Anayeandika hungoja vibao vyote virudi,
kisha huingia peke yake
na kufuli hulifunga kwa ndani.

Akaja Sempombe, karani mpya, mtu wa haraka.
Vibao, alisema, vinatuchelewesha.
Msomaji yu ngazini, namba kaishika mkononi,
Sempombe akachomoa jalada kuukuu
na pale pale akachomeka jingine.
Msomaji akafika. Hakukosea rafu.
Akanakili jina alilolikuta,
akagonga muhuri.
Mzee Mhando wa Mabawa
miezi kumi na moja alikuwa mpangaji
kwenye ua wake mwenyewe.

Mama hakufoka.
"Kutoa si kosa," alimwambia.
"Kosa ni kutoa, na mtu yu njiani."

Basi nasoma mistari, mmoja mmoja.
Uzi huu unapita majedwalini bila kufuli,
eti kwa ajili ya kasi.
Uzi ule unalifuta jedwali la chini,
unalirudisha kwenye akiba,
na akiba haikai na kitu: inampa mwingine
anayelijaza mambo yake.
Msomaji anafika. Hakukosea rafu.

Hoza anataka kufuli moja kubwa mlangoni.
Ndiyo, na mji mzima usimame
kwa sababu fulani anapaka rangi dirisha?
Hapana. Ng'oa kwanza kibao cha barabara,
asiingie mgeni mpya.
Ngoja waliomo watoke, hata kama ni mmoja, hata kama anakokota miguu.
Kila prosesa nayo ina kijidaftari cha mfukoni
chenye njia za jana; iambie ifute.
(Sisi wenyewe hatujafuta: bado tunaelekezana
"pale sinema," na sinema ni godauni la mbolea
tangu sijaota meno.)
Ndipo ubomoe.

Mistari sita. Naiwasha.
Inasimama kwa miguu yake hadi baiskeli za maziwa
zinapoanza kugonga kengele nje.

Asubuhi namsimulia Mama, anachambua mchele.
"Nani aliyeandika ile ya kwanza?"
"Mimi."
"Kibao ulichukua?"
"Sikuchukua."
Akapeta ungo, akapuliza makapi,
akaniangalia kama alivyomwangalia Sempombe,
kisha akanisogezea chai.