Kilo Nane

Kazi yangu ni kupima.
Malori yapanda juu ya mizani Kilindini,
nami naandika: tani ishirini na nane, thelathini na moja,
mbolea, majani ya chai, vigae.
Nambari zaingia jicho hili, zatokea lile.
Hadi Shufaa, aliyetimiza miaka sita mfunguo mosi,
akaniambia ataka baiskeli ya milima.

"Milima gani, Mombasa hii?"
Mamake akacheka, mikono ingali kwenye unga wa mahamri.
Lakini sisi twakaa Mikindani,
na ajuaye Mikindani ajua:
kutoka kwa Biasha muuza mafuta ya taa hadi msikitini
njia yakwea kama inamkimbia mdai,
na ikinyesha ni makorongo na mawe yaliyochongoka.

Basi Jumamosi tukaenda Mwembe Tayari,
duka la Twalibu, baiskeli za mtumba zaning'inia darini
kama mbuzi wa Iddi.
Nimechukua mizani ya ndoana,
ile ya magunia ya vitunguu,
niliyoazima kwa shemeji yangu wa Marikiti.
Twalibu akaitazama, akanitazama.
"Sheikh, waja kununua baiskeli ama papa?"

Shufaa alikuwa keshachagua.
Ya zambarau. Springi mbele, springi nyuma,
gia kumi na nane,
na stika ya chui ubavuni.
Nikaitundika: kilo kumi na nne na kitu.
Nikamtundika na yeye, kaishika ndoana kwa mikono miwili,
arusha miguu, acheka: kumi na nane.
Mimi, kwa atakaye kujua, ni sitini na tano.
Nikapiga hesabu papo hapo nyuma ya risiti:
ni kama nipewe mimi baiskeli
yenye uzito wa mfuko wa saruji,
niambiwe, haya, panda mlima, ufurahi.

"Springi ndiyo raha," asema Twalibu.
Raha ya nani? Springi ya rahisi ni chuma juu ya chuma,
na mtoto wa kilo kumi na nane
haibonyezi hata akiirukia.
Nikanyamaza. Mtu hatukaniwi bidhaa zake dukani mwake.

Nikamwambia Shufaa: ipandishe ngazi, zile tatu za barazani.
Ya kwanza, akapanda. Ya pili, akapanda, ulimi nje.
Ya tatu ikamrudisha.
Hakulia. Aliiegemeza ukutani taratibu,
kama arudishaye sahani ya jirani.

Ile nyingine ilikuwa nyuma ya friji mbovu:
rangi ya jivu, alumini, imekwaruzwa,
springi haina, gia haina,
ila matairi yana meno, na breki,
nilimwambia aifinye kwa vidole viwili, ikashika.
Kilo nane.
Nikapima mara ya pili, mazoea ya kazi,
maana madereva wana ujanja.
Akaipandisha ngazi zote, akashuka nayo, akapanda tena,
kisha akaigeukia kama mkaguzi:
"Mbona haina kengele?"

Kengele tulinunua. Ya zambarau.

Jana alasiri, kwenye mteremko,
mimi nakimbia nyuma, ndara mkono mmoja,
mkono wa pili mbele, tayari kuinua
kitakachoanguka.
Akaanguka karibu na kwa Biasha.
Vumbi. Kengele ikalia peke yake.
Nilikuwa hatua kumi, labda kumi na mbili,
na kabla sijafika
keshasimama, keshaiinua,
goti kalipangusa kwa upindo wa gauni,
kaushika usukani,
kaenda.

Nikabaki pale, mkono ungali umenyooka.
Biasha akainua kichwa kwenye madebe yake.
"Baba Shufaa," akasema, "umebeba nini?"