Trei Ishirini

Kutoka Mwakirunge hadi Kongowea
nilizoea kuipima njia kwa mayai:
mawili pale kwenye mfereji mkavu,
matatu pa mawe, ukishalipita jaa la taka,
na moja, sijui kwa nini, kwenye lami tupu.
Trei ishirini, zimefungwa kwa mpira wa tyubu.
Bi Mwanatumu akiutazama ute
unavyochuruzika ubavuni mwa piki
husema tu, "Leo waniletea kimanda?"

Piki yenyewe ni DT ya kale,
ilikuwa ya idara ya maji kabla ya mnada;
namba yao bado yaonekana chini ya rangi
ukiitazama kwa mshazari.
Shokamzoba ya nyuma ilikufa mwaka wa mvua nyingi.
Sikuizika. Niliendelea kuikalia.

Mbodze, fundi wa Mtopanga, hakucheka.
Alishika usukani, akakandamiza mara moja,
mbele ikazama, ikabaki huko huko
kama mtu aliyesujudu akasinzia.
"Sili zimekwisha. Bushi zimekwisha.
Na mgongo wako je?"

Akafungua bolti za chini. Mafuta yakatoka
rangi ya maji yaliyooshewa dagaa,
na harufu karibu hiyo hiyo.
Springi akazilaza kando ya mpya:
zangu fupi kwa vidole viwili,
zimejikunja miaka thelathini na kitu
hata zimesahau kujikunjua.
Kutu ya chumvi akaisugua kwa msasa laini,
akakata kipande cha paipu ya maji
akakitia juu ya springi kuongeza kimo.
(Ya maji tena, nikawaza. Imerudi idarani.)
Ya nyuma aliitoa kwenye piki iliyouzwa vipande vipande,
ina pete ya kukaza na kulegeza.

"Una kilo ngapi?"
Sabini, nikasema.
Hakunijibu. Alinipeleka kwa jirani anunuaye vyuma chakavu,
nikapanda mizani baina ya radieta na masufuria.
Themanini na tisa.
Kijana wa mizani akauliza
nauzwa kwa bei ya chuma ama ya aluminiamu.

Kisha ikaja tepu ya fundi cherehani. "Kaa."
Nikakaa. Akapima toka ekseli hadi madigadi.
"Lazima izame kidogo. Isiyozama itakurusha,
izamayo mno haina tena pa kukimbilia."
Akapakia ndoo za mchanga mahali pa mayai,
akapima tena, akajikuna shingo kwa spana.
"Sasa niambie. Nikuwekee ya kwenda
au ya kurudi?
Ukiwa na mzigo, sawa. Ukirudi mtupu, itakupiga."

Miaka kumi na minne nabeba mayai
na hakuna aliyewahi kuniuliza habari ya kurudi.
Mwenye kuku huuliza yamefika mangapi.
Bi Mwanatumu huuliza yamevunjika mangapi.
Nyumbani huuliza yameuzwa mangapi.
Nilisimama pale, helmeti mkononi,
nikitafuta jibu hata mifukoni.

"Weka katikati," nikasema mwishowe.
Akalegeza mizunguko miwili, akakaza nusu.

Siku ya kwanza, pa mfereji, nilifumba jicho moja.
Piki ikashuka, ikapanda, taratibu,
kama mtu mzima anyanyukaye mkekani
bila kuomba mkono.
Pa mawe, kimya. Kwenye lami, kimya.
Bi Mwanatumu akafungua trei moja moja,
uso ukimpungua raha,
hadi ya kumi na saba. "Na hili jee?"
Nikamwambia hilo lina ufa tangu kwa kuku.
Uongo. Nililibonyeza mwenyewe kwa kidole gumba
nikifunga mpira, kwa wasiwasi.

Nikarudi, trei tupu zikigongana nyuma.
Pa mawe ilinipiga. Kidogo.
Nikapunguza mwendo.
Sikumbuki lini nilipunguza mwendo
nikiwa sina cha kuvunja.