Kikwapa

Mwaka jana niliazima.
Koti la Everett, mpishi wa zamu ya usiku
pale nyumba ya wazee tunapofanya kazi,
mtu wa mabega kama kabati.
Waliosema nguo ya kuazima haisitiri matako
hawakuwahi kuinama juu ya tundu la barafu
katikati ya Ziwa Winnipeg, mwezi wa pili,
lakini walijua.

Basi Jumamosi nikaingia dukani kwa Sigrun, hapa Gimli,
pesa mfukoni zimekunjwa mara nne.

Koti la kwanza lilikuwa godoro lenye zipu.
Joto, sikatai. Jasho lilinitoka kabla sijafika kwenye kioo.
Lakini mikono ilisimama mbali na mbavu
kama ya sanamu la kutishia ndege,
na nilipotaka kujikuna pua
ilibidi pua iufuate mkono.

La pili jepesi, maridadi, rangi ya damu ya mzee,
likanikaa kama niliyezaliwa nalo.
Sigrun hakusema kitu. Alifungua mlango wa nyuma.
Upepo wa ziwani ukaingia, ukanipapasa
ubavu mmoja mmoja, kama mchuuzi anayehesabu chenji.
Nikalivua mwenyewe.

"Chuchumaa," akasema alipoleta la tatu.
Nikachuchumaa.
"Zungusha keekee."
Nikaizungusha hewa, duru kumi, ishirini,
hadi sakafu ya mbao ikawa barafu ya futi tatu.
"Sasa vuta mshipi."
Nikavuta, mkono baada ya mkono,
na pindo la nyuma halikupanda, mgongo haukuachwa wazi,
ukosi haukuninyonga.
Mteja aliyekuja kununua betri alisimama kunitazama.
Nadhani alimtafuta samaki.

Ndipo nikainua mkono, nikachungulia kwapani.
Pale mkono unapokutana na ubavu
palishonwa kipande kidogo cha kitambaa chenye kuvutika,
kimelala pembe nne kama uru wa karata.

Shangazi Sekela!
Tukuyu, cherehani chini ya bati, mvua haikatiki.
Mteja akija kwake akisimama kama askari wa gwaride
humwambia, inama. Beba hii ndoo. Fikia ile rafu.
Kisha ndipo huvuta utepe.
"Hakuna aishiye wima," alisema, pini zikiwa mdomoni.
"Hata maiti hulazwa."
Na kikwapa alikikata mwisho, kwa mkasi mdogo,
bila haraka, wakati mwenye nguo keshaanza kununa mlangoni.
"Nguo huchanikia hapa. Hapa ndipo mtu anapofanyia kazi."
Mimi nilicheka. Nilikuwa na miaka tisa,
na kikwapa, kwetu sisi watoto,
lilikuwa jina la harufu.

Sigrun akataja bei.
Bei ilikuwa kali kuliko ule upepo wa mlango wa nyuma.
Nikamwomba apunguze.
Akapunguza tabasamu.

Nikalipa.

Jumapili, nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri,
nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Ndevu za Everett zimekuwa chumvi.
Hatuongei; maneno yanagharimu joto.
Kidole kimoja nimekitoa kwenye glavu,
kimelala juu ya ufito, kinasikiliza.
Koti halisemi kwachakwacha. Hilo nalo sikuliuliza dukani,
nimepewa nyongeza.

Kisha chini kule, gizani, mtu akabisha hodi.

Mkono ulipanda kabla sijaufikiria,
ukapita bega, ukapita sikio,
na koti likaenda nao bila ubishi.
Macho mawili ya kioo yakachungulia tunduni,
yakaniona, hayakupendezwa.
Samaki akachomoka na ndoana yangu.

"Unashangilia nini?" Everett akauliza.
Maana nilikuwa bado nimeunyoosha mkono juu,
peke yangu katikati ya weupe ule wote,
kama mwanafunzi anayelijua jibu.