Rimoti ya Nyanzobe

Alinifuata mvuani, Nyanzobe wa Kayenze,
rimoti ndani ya mfuko wa sukari,
mafundo matatu.
"Nimeinunua Makoroboi. Itawasha?"

Hita yake ya dizeli hukausha dagaa
siku ambazo jua limegoma.
Nikafungua kifuniko, nikamulika tochi:
waya tatu, bluu, nyekundu, nyeusi.
Namba ya mwisho imeliwa na kutu,
nane au tatu, nisingeweza kuapa.

Nikabonyeza. Kimya.
Nikashikilia kitufe cha chini,
nikahesabu hadi tano kwa Kisukuma, kwa sauti,
maana alikuwa ananitazama mdomo.
Kioo kikaandika kitu, kikafuta.

"Hizi zinaongea, mama, ila hazisikilizani.
Umbo moja, masafa tofauti.
Irudishe, udai chako."

Akacheka kidogo.
"Kama mimi na Lugata.
Miaka tisa, kitanda kimoja."

Akafunga mafundo yake upya, yote matatu.
Kisha akainama, akabonyeza swichi ya zamani,
ile ya waya, iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.
Hita ikakohoa, ikashika.
Moshi ukapita juu ya vichanja, ukaelekea ziwani,
na dagaa walikuwa bado hawajaanza kunuka.