Mkono Mtupu

Jumanne ya kwanza tulivua viatu,
tukaambiwa tuvue na nyuso.
Bi Halszka alipita mbele yetu na kitambaa cha hewa,
akatufuta mmoja mmoja, paji, mashavu, midomo,
hadi tukabaki watu kumi na mmoja wasiotaka kitu.
Nje, theluji ya Wrocław ilikuwa imegeuka tope,
tramu ilisaga kona,
na sisi, ndani ya kilichowahi kuwa kiwanda cha vifungo,
tulikuwa tunajifunza kusimama.

Kusimama! Mimi ninayesimama saa nane kwa siku
nyuma ya kaunta ya duka la dawa.
"Wewe unasubiri," alisema. "Simama."

Jumanne ya pili, ukuta.
Kiganja kinafika, kinakufa, kinabaki papo hapo
huku mwili mzima ukihama.
Siri yenyewe ni hiyo, alisema, na ni ya kijinga:
mkono ukikataa kusogea,
jicho la mtazamaji litaleta matofali.
Wangu ulisogea.
Ukuta wangu ulikuwa pazia, ukawa jeli, ukawa mlango wa friji.
Ignacy, mwanafunzi wa sheria, alicheka mpaka akakaa chini;
wake ulikuwa na nundu.

Mkono mtupu haulambwi, nilijisemea kwenye tramu,
nikifanya mazoezi juu ya dirisha,
kioo cha kweli, yaani nikiibia mtihani.

Jumanne ya tano akaja Bwana Zenon.
Miaka sitini na saba, goti moja la chuma,
ametumwa na daktari: fanya chochote, ila usikae.
Hakujua uso unavuliwaje.
Alipumua kwa kelele. Kusimama kulimshinda.
Lakini tulipoambiwa, beba kitu unachokijua,
alikwenda pembeni, akatemea viganja mate,
akachuchumaa,
akainua.

Sijui nisemeje. Mabega yalishuka kwanza,
kabla mikono haijapanda. Shingo ikageuka
kwa kuwa shavu lilikaribia ukingo.
Kidole gumba hakikushika, kiliegemea tu.
Katikati ya chumba alisita, akakilaza kidogo kipite chini ya taa,
na sote, Ignacy akiwamo, tukarudi nyuma
tusije tukakatwa.

Fundi vioo, miaka arobaini na mmoja.
Alikitua pembe moja kwanza, juu ya ncha ya soksi yake,
akakiegemeza ukutani, akakipuliza vumbi.
Niliinama kidogo nijitazame.

Kimya kingi kina mshindo, wanasema.
Chetu kilikuwa na bomba la joto likigugumia
na tumbo la mtu.
Bi Halszka hakupiga makofi. Aliandika jambo daftarini, akalikata.
"Vizuri, Bwana Zenon. Sasa jifunze kusimama."

Tukiwa tunavaa viatu, Lesia wa usafi aliingia na ndoo.
Hakuwa ameona lolote. Alipiga deki kuanzia mlangoni,
akanung'unika juu ya nyayo zetu,
na alipofika pale ukutani
Zenon, kamba za kiatu mkononi, akasema tu: "Angalia."
Lesia akamtazama, akautazama ukuta,
akapandisha mabega,
akalipitisha dekio kwa kuzunguka.

Mimi nilisukuma mlango wa kutokea.
Mwili ulishatoka kwenye baridi;
kiganja kilichelewa nyuma.